Si Kila Kinundu Hupakwa Marhamu

Ndugu msomaji, mtoto mchanga akitokwa na vipele viwili shingoni, nyumba nzima huingia wasiwasi. Mama humfunua, bibi humtazama, jirani huitwa atoe shauri, na kabla ya jua kutua mtoto huwa amekwisha kufikishwa zahanati. Lakini mzee akitokwa na vinundu ishirini mgongoni, aghalabu hakuna avijuaye ila yeye mwenyewe. Huoga peke yake, huvaa peke yake, na akiulizwa hali hujibu kwamba hajambo. Hata akithubutu kusema, hujibiwa kwa neno moja jepesi: ni uzee. Neno hilo limegeuzwa kapu, na kila maradhi ya mzee yasiyoeleweka hutupwa humo.

Nimeomba nafasi katika ukurasa huu ili nieleze ugonjwa mmoja ambao si wa kila siku, lakini ukiingia nyumbani huwatatiza watu wengi. Ni saratani ya damu, ile iendayo mbio, ambayo mara nyingine hutoka katika mishipa ikajitokeza juu ya ngozi. Niliujua kwa kumuuguza mama mkubwa, dada wa mama aliyenizaa, ambaye ndiye aliyenilea tangu nilipokuwa na umri wa miaka sita. Naandika ili nyumba nyingine zipate kutambua mapema yale yaliyotuchukua sisi majuma mengi kuyatambua.

JINSI ALIVYOANZA

Mama mkubwa alikuwa mjane. Marehemu mumewe alifanya kazi katika reli hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, na baada ya hapo hawakuuhama mji wa Tororo. Nyumba yetu ilikuwa ya Kiswahili, kama zilivyokuwa nyumba nyingi za watu wa reli waliotoka huku na huku. Mwaka 2019 alikuwa na umri wa miaka 72, na bado akilima mchicha na bamia nyuma ya nyumba, wala hakupenda kupokewa jembe.

Mwezi wa Machi mwaka huo niliona mambo mawili. La kwanza, kutoka bustanini hadi jikoni, mwendo usiozidi hatua arobaini, alikuwa akipumzika mara mbili. La pili, alianza kuvaa blauzi za mikono mirefu katika jua la mchana. Nilimwuliza kwa adabu, maana mkubwa hahojiwi kama mtoto.

"Mama, mbona wajifunika hivyo na joto lote hili?"

"Ni baridi ya uzee, mwanangu," akanijibu, akaendelea kuchambua mboga.

Majuma mawili baadaye nguvu zilimpungukia hata akashindwa kuinua ndoo ya maji ya kuoga. Hapo ndipo aliponiruhusu nimsaidie, nami nikaona alichokuwa akikificha. Vilikuwa vinundu, si vipele. Vidogo vilikuwa mfano wa punje ya choroko, vikubwa mfano wa haragwe, vimetapakaa kifuani, tumboni, mabegani na mapajani. Rangi yao haikuwa nyekundu kama ionekanavyo katika picha za watu weupe. Katika ngozi nyeusi kama yake vilikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva, vyeusi kuliko ngozi iliyovizunguka, vikimetameta kidogo. Nilipovigusa niliona ni vigumu. Nikamwuliza kama vinawasha, akasema havikuwashi hata kidogo. Nikamwuliza kama vinauma, akasema haviumi. "Ndiyo maana sikutaka kukusumbua," akasema.

Maneno hayo, ndugu msomaji, ndiyo mtego wenyewe. Sisi tumezoea kwamba ugonjwa wa ngozi huwasha, na jipu huuma. Kisichowasha wala kuuma huonekana hakina neno.

Habari haikufichika kwa muda mrefu. Jirani mmoja alinong'ona kwamba ni UKIMWI. Mwingine alisema mama mkubwa amerogwa kwa ajili ya kiwanja chake. Akaletwa na mganga aliyetaka kumpiga chale juu ya kila kinundu na kupaka dawa ya unga. Mama mkubwa alimkaribisha vizuri, akampa chai, kisha akamwambia kwamba mwili wake ulikuwa na alama za kutosha na hakuona pa kuongeza nyingine. Mganga alicheka, akanywa chai yake, akaondoka. Sote hatukujua siku ile kwamba mzaha huo ulimwokoa na hatari kubwa.

Tulikwenda katika kliniki moja mjini. Mara ya kwanza tulipewa marhamu ya ukurutu, mara ya pili marhamu ya fangasi, mara ya tatu vidonge vya kuua vijidudu. Majuma sita yakapita. Vinundu viliongezeka, na mama mkubwa akawa hawezi kula ugali kwa sababu ya vidonda vya kinywani.

Aliyelifumbua fumbo hilo ni tabibu kijana katika kituo kingine cha afya. Hakuanza na vinundu. Alimwamkia kwa heshima, akamwomba afungue kinywa. Fizi zilikuwa zimevimba hata zimeyafunika meno nusu.

"Mama, unapopiga mswaki, damu hutoka?"

"Hutoka, mwanangu. Nilidhani mswaki mpya ni mgumu."

Akavuta kope za chini, akaziona nyeupe kama karatasi. Akatazama miguuni, akaona vidoa vidogo mno, mithili ya vilivyochomwa kwa sindano, ambavyo havikufifia alipovibonyeza kwa kidole. Ndipo akavirudia vile vinundu, akavitazama kimya, na kuandika kipimo kimoja tu: hesabu kamili ya chembe za damu.

Majibu yalitoka kesho yake. Chembe nyeupe, ambazo kwa mtu mzima mwenye afya huwa baina ya 4,000 na 11,000 katika tone dogo lipimwalo, zilikuwa 74,000. Wekundu wa damu, ambao kwa mwanamke yafaa uwe 12 au zaidi, ulikuwa 6. Chembe sahani, ambazo kazi yake ni kugandisha damu, zilikuwa 18,000 mahali pa 150,000. Tabibu hakutuandikia marhamu ya nne. Alituandikia barua ya kwenda Kampala, akatusihi tusilale.

DAMU INAPOINGIA NGOZINI

Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyo katika kilima cha Mulago, ilianzishwa mwaka 1967, na wagonjwa wake hutoka hata nje ya mipaka ya nchi. Huko mama mkubwa alifanyiwa mambo mawili. Alichomwa sindano ya ganzi, kisha kipande kidogo cha ngozi, kisichozidi ukubwa wa punje ya mtama, kilikatwa katika kinundu kimoja. Halafu sindano nene iliingizwa katika mfupa wa nyonga kuvuta uboho, yaani ule ute wa ndani ya mifupa ambamo damu hutengenezwa. Vyote viwili vilipelekwa kutazamwa kwa hadubini. Chembe zilizoonekana ndani ya ngozi zilikuwa zile zile zilizoujaza uboho.

Daktari aliyetuhudumia alikuwa mama wa makamo, mwenye subira. Alituketisha akatueleza kwa maneno ambayo hata mimi, mwalimu wa shule ya msingi, niliweza kuyashika. Damu, alisema, ina kiwanda chake, nacho ni uboho. Katika ugonjwa huu kiwanda huacha kuzaa chembe zilizokomaa, kikaanza kumwaga chembe changa zisizojua kazi, ambazo huongezeka upesi na kuzibana nyingine. Kwa hiyo wekundu hupungua, na mgonjwa huishiwa pumzi. Chembe za kugandisha damu hupungua, na fizi hutoka damu. Chembe nyeupe zilizo nzima hupungua, na homa huingia bila kizuizi. Hayo yote matatu mama mkubwa alikuwa nayo.

Jina la ugonjwa huo ni lukemia. John Hughes Bennett wa Edinburgh na Rudolf Virchow wa Berlin waliueleza katika mwaka mmoja, 1845, kila mtu mahali pake. Na Virchow ndiye aliyeupa jina hilo mwaka 1847, kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya damu nyeupe. Ziko lukemia ziendazo polepole kwa miaka, na ziko kali, ambazo zisipotibiwa humaliza maisha kwa majuma au miezi michache. Wengi hudhani ni ugonjwa wa watoto, kwa kuwa aina moja huwapata sana watoto. Lakini lukemia kali iitwayo ya maeloidi ni ugonjwa wa wazee zaidi. Nchini Marekani nusu ya wanaogunduliwa kuwa nayo wamekwisha kupita umri wa miaka 68 hivi.

Nikamwuliza daktari swali lililokuwa likinisumbua: damu iko ndani, imefikaje juu ya ngozi? Akanijibu kwamba katika jamii ya chembe nyeupe zimo ziitwazo monosaiti, ambazo kazi yake ya asili ni kutoka katika mishipa na kuingia katika nyama ya mwili, katika ngozi na katika fizi, kwenda kula uchafu na vijidudu. Zikigeuka saratani, tabia hiyo ya kutoka haiziachi. Huingia ngozini zikajenga vinundu, huingia katika fizi zikazivimbisha. Ndiyo maana mama mkubwa alikuwa navyo vyote viwili. Katika lukemia kali ya maeloidi kwa jumla, wagonjwa kati ya 3 na 15 katika kila 100 hupata vinundu vya namna hiyo, na katika aina hii ya monosaiti huwa wengi zaidi. Kwa kawaida vinundu huonekana baada ya ugonjwa kujulikana, au wakati ule ule. Lakini wako wachache ambao kwao ngozi hutangulia, hata damu ikipimwa inaonekana bado safi. Hapo ni kile kipande cha ngozi peke yake kiwezacho kusema kweli.

Yafaa ieleweke pia kwamba si kila alama juu ya ngozi ya mgonjwa wa lukemia ni lukemia yenyewe. Vile vidoa vya miguuni vilikuwa ni damu iliyovuja kwa kukosa chembe za kuigandisha. Vingine huweza kuwa mkanda wa jeshi, au fangasi, au madhara ya dawa. Na katika nchi zetu liko tatizo jingine: vinundu vya zambarau huweza kuwa saratani ya Kaposi, ambayo Uganda inaijua sana, na vinundu vigumu visivyowasha huweza kuwa vya ukoma. Daktari mzoefu hawezi kuvitenga kwa macho tu. Wale waliomnong'onea mama mkubwa kwamba ana UKIMWI hawakuwa na macho makali kuliko ya daktari. Na alipopimwa, hakuwa nao.

UAMUZI WA MWENYE MWILI

Sasa nifike penye uzito. Kabla hatujaingia kupewa majibu, wajomba zangu wawili walinivuta kando. Walitaka daktari atuambie sisi, na mama mkubwa aambiwe kwamba ana upungufu wa damu tu. Walisema kwa mapenzi, wala siwalaumu. Katika nyumba nyingi huo ndio wema tuujuao: mgonjwa abebewe habari mbaya kama anavyobebewa mzigo.

Daktari aliwasikiliza, kisha akamgeukia mwenyewe. "Mama, majibu yako yako hapa. Wapenda nikueleze wewe, au nizungumze na watoto?"

Mama mkubwa akajitengeneza vizuri juu ya kiti. "Vinundu viko juu ya mwili wangu," akasema. "Nieleze mimi. Hawa watasikia wakiwa wamekaa."

Akaelezwa. Hakulia. Aliuliza maswali matatu: kama ugonjwa huo unaambukiza, kama unapona, na kama dawa zake zitamlaza kitandani. Kwa swali la kwanza daktari alisema hapana, hauambukizi kwa kugusana, wala kwa chakula, wala kwa nguo. Kwa la pili alisema kweli bila ukali. Iko tiba kali, iliyojulikana tangu mwaka 1973, ya siku saba za dawa iitwayo sitarabini pamoja na siku tatu za daunorubisini. Tiba hiyo huweza kuusafisha uboho, lakini huuangusha mwili wote kwanza, na wazee wengi wenye moyo dhaifu au figo dhaifu hufa kwa tiba kabla ya ugonjwa. Moyo wa mama mkubwa haukuwa na nguvu ya kuistahimili.

Iliyobaki ilikuwa tiba ya kadiri: sitarabini kidogo kidogo, kwa sindano ndogo chini ya ngozi mara mbili kila siku kwa siku kumi, kisha kupumzika; pamoja na vidonge vya haidroksiyurea vya kupunguza chembe nyeupe, na kuongezewa damu kila ipunguapo. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2007 ulionyesha kwamba wazee 18 katika kila 100 waliopewa sitarabini kwa namna hiyo walipata nafuu kamili ya muda, hali kwa vidonge vya haidroksiyurea peke yake alipata mmoja tu. Zilikuwako dawa mpya nchi za mbali, lakini bei yake ilikuwa juu ya uwezo wetu.

Na vinundu je? Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo natamani kila nyumba ilijue. Vinundu hivyo havitibiwi kwa marhamu, kwa sababu chanzo chake hakimo ngozini. Hutibiwa kwa kuitibu damu. Mionzi huweza kutumika kukinywesha kinundu kikubwa kinachosumbua, lakini isipoambatana na dawa ya damu, vingine huota mahali pengine.

Mama mkubwa alitazama mikono yake kwa muda. Kisha akasema atachukua tiba ya kadiri, kwa sharti moja: kila baada ya siku kumi za sindano arudishwe Tororo, nyumbani kwake. Wajomba walinyamaza. Uamuzi ulikuwa umekwisha kutolewa na mwenye haki ya kuutoa.

KUMUUGUZA NYUMBANI

Kampala hadi Tororo ni kiasi cha kilomita 200. Safari hiyo tuliifanya mara kadhaa, na katika kila safari wauguzi walinipa mafunzo ambayo nayaandika hapa kwa faida ya wengine.

Mgonjwa ambaye damu yake haigandi asichanjwe chale, asiumikwe chuku, asinyolewe kwa wembe, wala asikandwe kwa nguvu. Mkato mdogo huweza kutoa damu usiku kucha, na kupitia mkato huo huo vijidudu huingia katika mwili usio na askari. Asipewe aspirini wala ibuprofeni kwa maumivu, maana zote mbili huzidisha kutoka damu. Asisukutue kwa mti mgumu. Mswaki laini, au kitambaa safi kilichochovywa katika maji ya chumvi yaliyochemshwa, hutosha. Chakula kipikwe kiive, matunda yamenywe. Kipimajoto kiwe nyumbani, na joto likifika 38, hata kama ni usiku wa manane, aondoke kwenda hospitali, kwa sababu kwa mgonjwa wa namna hii homa haingoji asubuhi.

Ngozi yenyewe huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, hukaushwa kwa kugusishwa kitambaa bila kusugua, kisha hupakwa mafuta mepesi yasiyo na manukato. Kinundu kikichubuka, husafishwa kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kufunikwa kwa kitambaa safi. Kikitoa harufu, muuguzi hunyunyizia juu yake unga wa vidonge vya metronidazoli vilivyosagwa, na harufu hupungua sana. Hili si jambo dogo. Harufu humwondolea mzee heshima yake mapema kuliko maumivu.

Lakini liko jambo ambalo wauguzi hawakuweza kunifundisha. Wageni walikuja kumjulia hali, na hawakumpa mkono. Walisimama mlangoni, wakafunga mikono nyuma, wakasema pole kutoka mbali. Watoto wa jirani, aliokuwa akiwagawia mihogo kila jioni, walikatazwa kuingia. Mama mkubwa, ambaye alistahimili sindano ya mfupani bila kulalamika, nilimkuta siku moja akilia kwa sababu hiyo. "Nimekuwa kama kaa la moto," aliniambia.

Juma lililofuata akaja shoga yake wa miaka mingi, mwuza ndizi wa sokoni. Hakuuliza kama ugonjwa unaambukiza. Aliketi juu ya mkeka, akakichukua kikopo cha mafuta kilichokuwa kando, akaupakata mkono wa mama mkubwa mapajani mwake, na kuanza kuupaka polepole, kinundu kwa kinundu, huku akimsimulia habari za soko: nani amepandisha bei, nani amefunga duka, nani kaoza binti. Mama mkubwa alicheka hata akakohoa. Tangu siku hiyo wanawake wengine wakaanza kuingia ndani, na watoto wakarudi.

Mwezi wa Mei vinundu vilisinyaa, vikabaki madoa meusi tu. Tulifurahi. Alirudi bustanini, akakaa juu ya kigoda na kunielekeza mahali pa kupanda. Mwanzoni mwa Julai vipya viwili vilitokea begani, na siku hiyo damu yake ilipopimwa ilionekana bado haijaharibika sana. Daktari alituambia kwamba hutokea hivyo: ugonjwa unaporudi, ngozi huweza kutangulia kuliko damu. Baada ya majuma matatu damu nayo ilifuata.

Siku zake za mwisho alihudumiwa na wauguzi wa tiba ya kupunguza maumivu. Uganda imetangulia nchi nyingi katika jambo hili. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala mwaka 1993, akaeneza matumizi ya mofini ya maji inywewayo nyumbani. Na tangu mwaka 2004 sheria ya nchi humruhusu muuguzi aliyefunzwa kazi hiyo kuiandika dawa hiyo. Kwa ajili hiyo mama mkubwa hakuhitaji kufia barabarani akitafuta dawa ya maumivu. Alifariki mwezi wa Agosti, nyumbani kwake, kabla ya alfajiri, miezi mitano baada ya ile siku ya blauzi ya mikono mirefu.

MANENO YA KUSHIKA

Mwaka uliofuata, 2020, matokeo ya utafiti mkubwa yalitangazwa, uliofanywa juu ya wagonjwa 431 wenye umri wa miaka 75 au zaidi, au wasioweza kustahimili tiba kali. Waliopewa dawa ya azasitidini pamoja na vidonge vya venetoklaksi waliishi muda wa kati wa miezi 14.7, na waliopewa azasitidini peke yake miezi 9.6. Miezi mitano kwa mzee si kitu cha kudharauliwa. Ni msimu wa mavuno na harusi ya mjukuu. Dawa hizo bado ni ghali mno kwa nyumba nyingi za kwetu. Lakini hata dawa iliyo nafuu haimfai mtu ambaye ugonjwa wake umegundulika baada ya vikopo vingi vya marhamu.

Hivyo basi, ndugu msomaji, nakusihi ushike machache. Vinundu vigumu vinavyotokea kwa mzee kwa muda wa majuma machache, visivyowasha wala kuuma, na hasa vikifuatana na uchovu, fizi kuvimba au kutoka damu, vidoa visivyofifia vikibonyezwa, au homa za mara kwa mara, si vya kungojewa. Marhamu isipofaa katika juma la pili, usikubali ya pili na ya tatu. Uliza kwa adabu, lakini uulize: damu yake haiwezi kuhesabiwa chembe? Na ngozi haiwezi kukatwa kipande kikatazamwe? Vinundu vingi havitakuwa saratani, na hapo utashukuru. Vikiwa ndivyo, utakuwa umempa mzee wako muda wa kuamua mambo yake mwenyewe.

Na akiisha kujulikana ana ugonjwa huo, mpe mkono. Keti karibu naye, mpake mafuta, mletee habari za soko. Lukemia haimwambukizi amgusaye.